Klak ya Bastola ya Wilma

Ukitaka kumjua Orville Stidham usihangaike kumtazama usoni, mtazame suruali. Kila suruali aliyowahi kuvaa ina alama mfuko wa kulia, mahali kitambaa kimefifia kwa umbo la kitu kifupi kinene, kama paja limebeba mimba ya pembeni. Hapo ndipo ilipokaa pua bapa yake, mchana na jioni, kanisani na sokoni. Huko kwao, kwenye milima ya mashariki ya Tennessee, pua bapa ni ile bastola ndogo ya zamani, ya silinda inayozunguka na mtutu usiozidi kidole gumba, iliyoundwa enzi ambazo wanaume walivaa kofia hata kwenda kutupa takataka. Mfuko ukitoboka, marehemu mkewe Wilma aliushona upya kwa kipande cha jinzi kuukuu, huku akisema dunia nzima wanawake wanashona soksi, yeye peke yake kaolewa na mifuko.

Orville alikuwa dereva wa gari la mikate. Maisha yake yote ya kazi aliamka kabla ya jogoo, akapakia mikate, akapanda na kushuka vilima akiigawa kwenye maduka ya mabondeni. Alianza kubeba bastola kwa kuwa alirudi na fedha za maduka garini, na barabara zile zilikuwa na kona nyingi kuliko nyumba. Kuitoa? Aliitoa mara moja tu, kumtishia mbwa aliyemzuia mlangoni mwa duka. Mbwa alikaa chini akaitazama ile bastola kwa adabu. Orville akaona haya, akairudisha mfukoni, akampa mbwa mkate. Tangu siku hiyo mbwa yule akawa anamngoja kila asubuhi, na kampuni ikawa inauliza kwa nini mkate mmoja unapotea njiani.

Kubeba kukazaa kupenda, kupenda kukazaa kukusanya. Alikuwa akisema hajawahi kununua bastola hata moja, zinamfuata zenyewe kama paka wa mtaani. Wilma akamjibu, "Ni kweli, mume wangu, na risiti nazo zinakufuata zenyewe." Ila Orville alikuwa na sheria zake. Hakutaka iliyong'arishwa, hakutaka iliyopakwa upya. Alitaka chuma cheusi chenye ubuluu, na pale kilipochakaa kichakae kihalali: ncha ya mtutu iliyopauka kwa kusuguana na ngozi ya ala, ubavu uliolika kwa mfuko wa koti, mti wa mpini uliolainishwa na kiganja cha mtu aliyekwisha kufa. Ukimwonyesha bastola iliyopakwa upya alikutazama kama vile umempaka bibi yake rangi ya mdomo akiwa jenezani.

Adui yake mkubwa kwa jambo hili alikuwa shemeji yake, Hobart Pruitt, kaka wa Wilma. Hobart alipenda za nikeli, nyeupe za kung'aa. Katika maonyesho ya bunduki ya pale kaunti, ambayo hufanyika kwenye banda kubwa la kuonyeshea ng'ombe, meza zao zilikuwa bega kwa bega miaka na miaka, na matusi yao yalikuwa sehemu ya kiingilio.

"Meza yako kama sinki la hospitali," Orville alimwambia.

"Na yako kama droo ya fundi baiskeli," Hobart akajibu. "Shemeji, zile nyingine ni bastola au umeziokota mahali treni ilipoanguka?"

Lakini kwa jambo moja walikuwa dini moja. Pua bapa hupewi ikiwa imefungwa. Mwenye meza anakata ugwe wa plastiki aliouweka mlinzi wa mlangoni ili isifyatuke, anaisukuma silinda nje, anakuonyesha matundu matupu, kisha anakukabidhi ikiwa wazi vilevile. Unaitazama, unaipindua, na ukitaka kuifunga unaifunga kwa mikono miwili: mmoja unashika, mwingine unasukuma silinda pole pole irudi nyumbani kwake. Sasa wapo watu waliolelewa na televisheni. Hao wakishika tu bastola wanaikung'uta kwa kifundo cha mkono kama mpelelezi wa kwenye picha, na silinda inajifunga yenyewe kwa kishindo: klak. Kijikono kile chembamba kinachobeba silinda kinapinda, unywele kwa unywele, na bastola iliyovuka vita viwili inaharibiwa na mtu aliyetaka kuonekana mwanaume.

Orville aliwasamehe watu wa namna hiyo kwa kuwanyang'anya bastola tu. Hobart aliwafukuza. Aliwahi kumfukuza mchungaji wake mwenyewe mbele ya waumini.

"Weka chini, uende," alimwambia mtumishi wa Mungu.

"Hobart, mimi ndiye niliyemzika mama yako."

"Na ulimzika vizuri. Weka chini, uende."

Watu walidhani ni ukali wa asili. Haukuwa ukali wa asili. Baba yao Hobart na Wilma, mzee Estill Pruitt, alikuwa mlinzi wa kituo cha kupakilia makaa ya mawe, na kifuani mwa ovaroli yake alibeba pua bapa ya kiwanda cha Kolti. Uzee ulipomfika aliwakalisha watoto wake wawili mezani, Jumapili moja baada ya kuku na maharage, akaifungua ile Kolti akampa Hobart kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Hobart alikuwa kijana wa nywele za mafuta, ametoka kununua televisheni yake ya kwanza. Akaikung'uta. Klak. Mzee alinyoosha mkono, akaichukua, akaifungua tena, akampa Wilma. Wilma akaifunga kwa mikono miwili kama anayefunika chungu huku mtoto kalala karibu. Mzee akasema, "Yako." Hobart akaondoka mezani, kipande chake cha pai ya tufaha kikabaki na uma umesimama katikati.

Toka siku hiyo Hobart akawa mwangalifu wa silinda kuliko mtu yeyote katika kaunti ile, na toka siku hiyo hakuigusa bastola ya baba yake. Ikiletwa mezani aligeuka kutafuta kofia yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo Hobart hakulijua, na Orville alilijua tangu wiki ya kwanza ya ndoa.

Wilma alifanya kazi katika mkahawa wa chai ya asubuhi, kwa hiyo alifungua mlango wa kazini gizani, na Kolti ya baba yake ilikuwa ndani ya mkoba pamoja na funguo na pipi za koo. Alirudi saa tisa alasiri. Orville, aliyemaliza mikate mapema, alikuwa amekaa jikoni na gazeti. Wilma aliingia, akatoa bastola, akamwaga risasi ndani ya kopo tupu la kahawa, akatazama matundu kama ni matupu kweli, kisha kwa mkono huohuo mmoja akaikung'uta. Klak. Akaiweka juu ya friji.

Mara ya kwanza Orville nusura aanguke na kiti.

"Wilma. Baba yako."

"Baba yuko kwake. Anakula supu."

"Ulipewa hii kwa sababu hukufanya hivyo."

"Siku ile mikono yangu yote ilikuwa mitupu," Wilma alisema.

Na kweli, baada ya hapo haikuwa mitupu tena. Kwapa la kushoto lilikuwa na mfuko wa unga, au mkono ulikuwa na sufuria, au kiunoni palikuwa na binti yao Nedra akivuta hereni. Orville alilalamika miaka yote ya ndoa. Alimweleza habari za kile kijikono kinachopinda, akamchorea picha kwenye leso ya karatasi, Wilma akafutia mchuzi kwa ile picha. Siku moja Wilma alichota kahawa kwenye kopo lisilokuwa lenyewe, risasi zikagonga ndani ya birika, na akacheka hadi akashikilia meza. Kisha akamwapisha. "Ukimwambia Hobart," alisema, "nitakupikia maboga mpaka ufe. Maboga matupu, bila sukari." Akaongeza, "Ataumia, Orville. Alikosa ya baba kwa kosa ambalo mimi nalifanya kila siku."

Orville hakupenda maboga, akanyamaza. Na baada ya Wilma kutangulia, ndipo alipogundua kwamba nyumba haina saa. Iliyokuwa saa ni ile klak. Alasiri ilifika na ikapita bila kutangazwa. Akaiweka bastola yake mwenyewe kabatini, akaanza kubeba ya Wilma mfukoni, lakini hakuwahi kuikung'uta. Mkono wake ulikataa. Mtu aliyewahubiria wengine maisha yake yote hawezi kuanza uasi akiwa peke yake jikoni.

Mwaka huu akateleza kwenye ngazi za uani, nyonga ikalia. Nedra akaja kutoka Knoxville na maneno yaliyokwisha kupangwa.

"Baba, utakaa kwetu. Chumba kipo."

"Na mabinti zangu?" Alikuwa akiziita hivyo zile bastola.

"Nina mapacha wanaofungua kila kitu, Baba. Juzi wamefungua mashine ya kufulia ikiwa inazunguka. Haiingii hata moja."

"Hata ya mama yako?"

Nedra akatazama juu ya friji, mahali palipobaki duara la vumbi la lile kopo la risasi. "Hata ya mama," alisema polepole. "Ila usiiuze kwa mtu wa hovyo tu. Mtafutie mtu."

Hapo ndipo Orville alipoingiwa na jambo moyoni. Nyingine zote zingejiendea. Lakini ile Kolti ya Wilma ingekwenda mkononi mwa nani? Mwenye haki nayo alikuwa Hobart, mtoto wa mwenye mali. Na Hobart ndiye mtu mmoja katika Tennessee nzima ambaye, akiishika kwa pumzi moja tu, angejua kwamba imekung'utwa miaka.

Ikafika Jumamosi ya maonyesho. Banda lilinuka majani makavu, mafuta ya bunduki na soseji za kukaanga. Orville alipanga mabinti zake juu ya blanketi la kijeshi, na ya Wilma akaiweka pembeni karibu na chupa yake ya chai, ugwe wa plastiki ukiwa umepita ndani yake.

Wateja walikuja, kwa maana habari zilishaenea kwamba mzee anahama. Wenye heshima walipokea na kurudisha zikiwa wazi. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri kuliko nywele aliomba kuona ya pembeni. Orville akasita, akakata ugwe, akaifungua, akamkabidhi. Kijana akaikung'uta.

Silinda haikufika mwisho. Mkono wa Hobart ulitoka meza ya pili na kumshika kijana kifundo, bila kuigusa bastola.

"Weka chini, uende."

"Nilikuwa nataka kuinunua, mzee."

"Na mimi nilikuwa nataka kuwa mrefu. Weka chini."

Alasiri ya mapema akaja mama mmoja, Idella Roark, fundi wa bastola kutoka bonde la pili, mikono yake ina weusi usiotoka kwa sabuni. Alipokea Kolti kama mtu anayepokea kikombe kilichojaa. Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaweka ukucha wake kwenye upenyo kati ya silinda na kiunzi, akaifunga kwa mikono miwili, taratibu. Orville akajisemea moyoni, ndiye huyu.

"Hii ilikuwa ya mwanamke," Idella alisema. "Imelika upande wa mkoba, sio upande wa mfuko."

"Mke wangu."

"Kijikono chake kimepinda." Alishusha sauti, maana Hobart alikuwa anauza upande wa pili. "Lakini usihuzunike, Bwana Stidham. Nitakirudisha kwa alasiri moja. Nikimaliza, itajifunga kimya kama Biblia."

"Kimya kabisa?"

"Hutasikia kitu."

Idella alikuwa anamtolea mtu zawadi nzuri kabisa, na wewe ungeipokea. Orville akanyoosha kiganja arudishiwe. "Ngoja kwanza," alisema. "Samahani, mama. Nimekumbuka kwamba bado sijaamua." Idella akairudisha ikiwa wazi, akamgusa bega na hakuuliza.

Jioni ilipokaribia, blanketi la kijeshi lilikuwa tupu. Mabinti wote wameolewa. Watu walikuwa wanakunja meza. Imebaki chupa ya chai na Kolti moja, na Hobart anafuta nikeli zake kwa kitambaa cha flaneli kama mama anayeogesha watoto wa wenyewe.

"Shemeji," Orville alisema, "njoo uishike hii."

Hobart hakuinua macho. "Nilishasema siku nyingi."

"Nedra hataki iingie kwake. Nisipokupa wewe, nampa Idella."

"Mpe Idella. Ana mikono."

"Anataka kuinyamazisha."

Hobart akaacha kufuta. "Kuinyamazisha nini?"

Orville aliifungua silinda, akamwonyesha matundu matupu, akainyoosha kwake, wazi, kama inavyotakiwa. Ikakaa hapo hewani kati ya meza mbili, na mtu hawezi kumwacha mzee mwenye nyonga mbovu asimame hivyo milele. Hobart akajifuta viganja kwenye suruali. Akaipokea.

Kwanza aliishika tu. Mpini ulikuwa na mkwaruzo mahali baba yake alipozoea kupigilia nao misumari, akausugua kwa kidole gumba. Kisha akaanza kuifunga, mikono miwili, pole pole, kwa uangalifu wa mtu aliyeingoja nafasi hiyo tangu kile kipande cha pai. Silinda ikafika nusu, ikakwama. Akaisukuma kidogo. Ikaingia kwa shingo upande.

Uso wake ukabadilika. Akaifungua tena, akaweka jicho kwenye upenyo.

"Nani ameikung'uta hii?"

Orville alikuwa na uongo tayari, amekuja nao toka nyumbani: angesema ni yeye. Lawama angezibeba, na Wilma angebaki safi.

"Sema ni wewe nikuzike hapahapa kwenye mavi ya ng'ombe," Hobart alisema. "Hii sio mara moja, Orville. Hii ni maisha mazima ya mtu. Nani?"

Orville akamtazama usoni, akaona yule kijana wa nywele za mafuta bado yumo mle ndani, bado kasimama mlangoni hajui atoke au arudi. Uongo ukamfia mdomoni.

"Dada yako," alisema. "Kila siku ya Mungu akitoka kazini. Aliniapisha kwa maboga."

Hobart akakaa kwenye kiti cha kukunja. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Orville akatafuta leso kwa kudhani ni kilio, na kwa kweli machozi yalikuwepo, lakini mtu alikuwa anacheka.

"Nimemfukuza mchungaji," Hobart alisema alipopata pumzi.

"Ulimfukuza."

"Mbele ya mke wake." Akajifuta macho kwa ile flaneli ya nikeli. "Na baba hakujua?"

"Baba alikuwa kwake, anakula supu."

Hobart akacheka upya, kisha kicheko kikaisha taratibu, akaipindua bastola mkononi. "Alikuwa anafanyaje?"

"Mkono mmoja. Huku kwapani ana unga, au Nedra yuko kiunoni."

Hobart akatazama kushoto, akatazama kulia. Akachukua boksi tupu la nikeli zake, akalibana kwapani upande wa kushoto. Akaisukuma silinda nje, akahakikisha matundu ni matupu, akanyanyua mkono.

Klak.

Banda zima liligeuka. Idella, aliyekuwa mlangoni na mzigo wake, aliinua mkono kinywani. Mlinzi akasema, "Bwana Pruitt?" kwa sauti ya mtu aliyemwona shemasi akicheza kamari.

Orville hakuona hata mmoja wao. Alikuwa amefumba macho, kwake ni saa tisa alasiri, gazeti liko magotini, na kuna mtu anakaribia kuuliza kwa nini vyombo havijaoshwa.

"Nenda nayo," alisema bila kufumbua. "Ila usiitengeneze."

Siku hizi Orville anakaa Knoxville. Suruali zake mpya hazina alama mfukoni, na anasema anapepesuka upande wa kulia kwa kukosa uzito. Mapacha wamekwisha kuifungua redio yake. Jumapili, chakula cha mchana kikishaondolewa na alasiri ikianza kulegea, simu inalia, na anawahi kuipokea kabla ya watoto. Upande wa pili hakuna salamu. Kuna pumzi ya mzee, kuna kitu kinabanwa kwapani, halafu inakuja.

"Umeipata?" Hobart anauliza.

"Umeipiga kizembe. Dada yako alikuwa na mkono mzito kuliko huo."

"Nina uvimbe wa kifundo."

"Kila siku una uvimbe. Rudia."